Ndege Iliyovishwa Karatasi za Pome

Kabla hujamwona kijana wa verni, ulimsikia. Alipita katikati ya safu za nyumba za Kapata akigonganisha vichupa viwili mkononi, ti-ti, ti-ti, na wanawake waliokuwa wakikata sombe, majani ya muhogo, mlangoni wakaanza kujifuta vidole kabla hajafika. Alichuchumaa mbele yao na kikapu chake cha rangi za kucha, akafungua kizibo, na harufu ile kali ikapanda puani, ikawasha macho, ikabaki uani hata baada ya yeye kuhamia nyumba ya tatu. Kwa wanawake wa mtaa wetu harufu hiyo ilikuwa na maana ya harusi, au Noeli, au mgeni anayetoka Lubumbashi. Kwangu mimi ilikuja kuwa na maana ya ndege. Mpaka leo, mwanamke akifungua kichupa cha verni karibu nami, shingo yangu inainuka yenyewe na macho yanatafuta anga, na mara nyingi yanaambulia dari la saluni. Nimekwisha kuchekwa sana kwa ajili hiyo, wala sijali.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulikuwa msimu wa kiangazi, ule wenye baridi ya asubuhi ambayo watu wasioijua Katanga hawaiamini nikiwasimulia. Tuliamka tukipuliza mikono. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshika, vichaka viliungua pande zote za mji, na majivu membamba meusi yalianguka juu ya nguo zilizoanikwa, mama akiyalaani moja moja. Kapata ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za aina moja zilizopangwa mistari, hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla ya kugundua kosa lake. Mwaka ule kazi ya kampuni ilikuwa imesimama kwa wanaume wengi wa mtaa wetu. Asubuhi walikaa kwenye vizingiti vyao kana kwamba wanangoja king'ora cha zamu, na king'ora kisipolia wakaendelea kukaa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alikuwa mchoraji wa ramani za mashimo na mitambo, kazi ya rula na penseli iliyochongwa vizuri, na mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya mwanaume yeyote wa mtaa. Sasa jembe lilichukua mahali pa penseli. Alilima shamba dogo la mihogo upande wa barabara ya Kasaji, akarudi jioni, akanawa, akala, akanyamaza. Mtu aliyekuwa akituchekesha mezani alikuwa ameishiwa maneno, na mimi niliuogopa ukimya ule kuliko nilivyoogopa fimbo.

Siku moja alipanda juu ya kiti akashusha sanduku la mbao lililokaa juu ya kabati tangu kabla sijazaliwa. Nilijua ni sanduku la balsa, ila sikujua balsa ni nini. Nilidhani ni jina la dawa. Mzungu mmoja aliyefanya naye kazi katika ofisi ya ramani alimwachia siku aliyofunga safari ya kurudi kwao, pamoja na karatasi yenye mchoro wa ndege isiyo na injini, ndege ya kuelea tu. Baba alikuwa amejiahidi kuijenga siku atakapopata nafasi. Alinipa ubao mmoja niushike, nami nikajikaza mikono yote miwili kama tulivyozoea kubeba mbao, nikajikuta karibu naurusha kwenye dari. Haukuwa na uzito. Nilimtazama nikidhani amenitania, naye akatabasamu, na lile tabasamu sikuwa nimeliona tangu mvua zilipokwisha.

Alijenga kiunzi kwa wiki tatu. Alikata mbavu za bawa kwa wembe, moja baada ya nyingine, akazisugua kwa msasa, akazipima kwa kuzipanga pamoja kama karata ili zilingane. Kwa ukaidi wake alifanya kazi hiyo nje, mbele ya nyumba, machoni pa watu. Tata Banza, jirani yetu wa mkabala, ambaye zamani aliendesha treni la mgodini na ambaye sasa aliendesha maneno tu, alivuka njia na mikono yake nyuma, akainama, akatazama kile kiunzi chenye mbavu tupu.

"Tata Numbi," akasema, maana walimwita baba kwa jina langu, "ile kintu njo nini? Kitanda ya bakuku?"

Wanaume wa vizingitini walicheka hicho kitanda cha kuku. Baba hakuinua uso. Alimaliza kugundisha ubavu aliokuwa ameushika, ndipo akajibu, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, akitaja hata siku, mwisho wa likizo:

"Ni ndeke. Jumapili ya mwisho ya konje mi nitaitupa pa kichuguu kule. Itapita uwanja muzima, mpaka mu goli ya upande ingine, bila kugusa chini."

"Basi siye bote tutakuya kuangalia," akasema Tata Banza, akarudi kwake polepole.

Mama alimlaumu baba usiku ule ule, kwa upole. Alimwambia angesema tu kwamba itajaribu. Neno dogo kama hilo lingemwachia mlango wa kutokea. Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Kesho yake watoto wa shule waliniuliza kuhusu goli, mwanamke wa bombani akaniuliza kuhusu goli, na katekista naye, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniuliza kuhusu goli. Nilielewa vizuri kilichokuwa kimewekwa mezani, hata kwa akili ya miaka kumi na mmoja. Ndege ikifika kule, baba yangu atakuwa mtu mwenye neno. Ikianguka miguuni pake, atarudi kwenye ule ukimya, na safari hii hatatoka tena.

Kiunzi kilikuwa tayari, lakini kiunzi hakiruki. Lazima kivishwe, na kivishwe kitu chembamba sana, kisichoongeza uzito. Mchoro wa yule mzungu ulitaja karatasi maalum ambayo kwetu Kolwezi hakuna aliyewahi kuiona. Jawabu lilitoka kwa mama. Sokoni mjini mwanamke mmoja aliuza matofaa, ambayo sisi tunayaita pome, yaliyotoka Afrika Kusini kwa malori, na kila pome ilikuja imefungwa karatasi yake ya zambarau, laini, nyembamba, inayopitisha mwanga. Pome yenyewe hatukuweza kuinunua ila kwa mgonjwa. Karatasi zilitupwa chini ya meza. Mama aliongea na yule mwanamke, na kwa majuma kadhaa nikawa napita kila Jumatano na Jumamosi kuokota zambarau miguuni pa wateja. Nyumbani nilizikunjua, mama akazipiga pasi ya makaa iliyokuwa karibu kupoa, na chumba chote kikanukia pome ambazo hatukuzila. Halafu siku moja pome zilianza kuja katika trei za plastiki, bila karatasi, na yule mwanamke akanyoosha mikono kuonyesha kwamba hana la kufanya. Tulichokuwa nacho ndicho hicho, kinatosha ndege moja na vipande vichache tu vya kukosea.

Sasa likatokea jambo ambalo baba hakulitarajia. Alishika karatasi ya kwanza ili aivishe bawa, na ngozi ya vidole vyake, iliyopasuka kwa jembe na kwa baridi ya kiangazi, ikaivuta na kuichana. Akajaribu nyingine kwa uangalifu zaidi, ikachanika tena kwa sauti ndogo. Alipaka mafuta ya mawese, karatasi ikalowa mafuta. Mama alijaribu pia, lakini vidole vya mama vilikuwa vimeliwa na sabuni ya kufulia. Baba alikaa akitazama viganja vyake kwa muda mrefu, na nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitaka kutoka nje. Kisha akaniita.

"Mama," akasema, maana ndivyo baba zetu wanavyowaita mabinti zao wanapowapenda au wanapowahitaji, "leta bidole byako."

Aliviangalia pande zote mbili kama mtu anayechagua mbegu. Tangu siku hiyo, kazi ya kuvisha ilikuwa yangu. Yeye alikaa kwenye kigoda pembeni, mikono nyuma ili asisahau akagusa, akanielekeza kwa maneno tu. Gundi ilikuwa uji wa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi na kuchujwa kwa kitambaa. Unaupaka kwenye mbavu kwa unyoya wa kuku, unaweka karatasi juu kuanzia katikati, unaivuta kuelekea kingoni, si kwa nguvu, bali kama unavyomtandikia mtoto aliyekwisha kulala. Ubavu kwa ubavu, maana karatasi ya pome ni ndogo, na kila kiungo lazima kikae juu ya mti. Karatasi nayo ina njia yake: ukiichana upande mmoja inakwenda mstari ulionyooka, ukiichana upande mwingine inapinda ovyo, na ile njia iliyonyooka ndiyo inayolazwa kwa urefu wa bawa. Baba alinieleza hayo yote kwa subira ambayo sikujua anayo. Nilipokosea hakukemea, alisema "tosha", yaani ondoa, nikatoa, tukaanza upya.

Mwisho wa kazi hiyo nilitaka kulia. Bawa la kulia lilikuwa limevaa, ndiyo, lakini limevaa kama mzee aliyekonda ndani ya koti la ujana wake, makunyanzi kila mahali. Baba akacheka. Akamwita mama, maana sehemu iliyofuata ilikuwa ya mama. Kwetu mtu anayepiga pasi hujaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo, na mama yangu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Alitoa ukungu mwembamba hata ukauona upinde wa mvua ndani yake mlango ukiwa wazi. Mimi nilipojaribu nilitema tu. Mama alinishika mashavu kwa vidole viwili, akaniambia nibane midomo na kusukuma kwa tumbo, nikapuliza juu ya mgomba wa uani asubuhi nzima mpaka nikafaulu. Kisha nikapuliza bawa. Karatasi ililegea ikawa mbaya zaidi, nami nikaona nimeharibu kila kitu. Baba akasema ningoje. Tuliketi wote watatu tukitazama, na polepole, huku hewa kavu ya kiangazi ikinywa maji yake, kunyanzi la kwanza likajinyoosha lenyewe, la pili likafuata, hadi bawa lote likakaza likawa ngoma. Baba aliligonga kwa ukucha likalia. Nimeona mambo mengi ya ajabu tangu siku hiyo, ikiwa ni pamoja na watoto wangu wawili wakizaliwa, na bado naliweka lile bawa karibu sana na kichwa cha orodha.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho ililetwa habari kwamba shangazi yake baba amefariki Kasaji, baba akapakia baiskeli yake kwenye treni akaenda kuzika. Kulikuwa kumebaki bawa la kushoto. Aliniachia mimi. Aliposimama mlangoni alirudia onyo moja tu: "Mayi tupu, mama. Kintu ingine hapana." Nikaitikia, na nilipoitikia nilikuwa mkweli.

Tatizo langu ni kwamba nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Bawa la kushoto nililivisha vizuri kuliko la kulia, viungo vimenyooka, hakuna tone la uji lililomwagika, na Ijumaa jioni likawa tayari kupulizwa. Dirishani palikuwa na chupa ya mama ya amido, yale maji ya wanga anayopulizia mashati kabla ya pasi ili kola zisimame. Mtu asiyetoka Kapata hawezi kujua kola ilikuwa na maana gani pale. Mwanaume aliweza kwenda misa na viatu vilivyotoboka, watu wakanyamaza. Akienda na kola iliyolala, walimsema mkewe mpaka Jumapili iliyofuata. Mimi nilikuwa nimekua nikiamini kwamba kitu chochote kinachotaka heshima kinatiwa amido. Nikajiambia: kama maji matupu yanakaza hivi, amido itafanya nini? Nikajaza mashavu, nikapuliza upande wa juu, nikarudia kwa uhakika. Bawa lilikauka likang'aa, gumu, zuri mno. Nililala nikijipongeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walitufundisha shuleni, na mimi siku zote nilidhani methali ile inawahusu watoto wengine.

Asubuhi ya Jumamosi nililikuta limejinyonga. Wanga ulikuwa umevuta usiku kucha, na ule mti usio na uzito haukuwa na nguvu ya kukataa. Kingo ya nyuma ya bawa ilikuwa imeinuka kwenye ncha, bawa zima limepinda mithili ya jani la mgomba lililokauka. Nililibonyeza, likarudi. Karatasi nyingine hazikuwepo. Jumapili ilikuwa kesho. Sikula. Nilikaa kwenye kizingiti kama wale wanaume, nikitazama njia, na mara mbili Tata Banza alinipita na kuniuliza kama rubani wetu amekwisha kurudi. Wazo la kusema kwamba kuku alilirukia lilinijia, na naona haya kukiri kwamba nilimchagua hata kuku mwenyewe.

Baba alifika kabla ya adhuhuri, gunia la viazi vitamu nyuma ya baiskeli, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Aliingia, akaliona. Alilizunguka bila kuligusa. Kisha akalikaribia, akanusa.

"Ulitia nini mu mayi?"

"Amido, papa."

"Ile ya mashati?"

"Ya mashati."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Nilitaka ikuwe muzuri kupita ile ya kuume."

Alikaa kimya, na ukimya wake niliujua. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. "Bawa haiendake ku misa, mama," akasema, na mama jikoni akaangua kicheko, nami nikalia kwa sauti kwa sababu walikuwa wakicheka. Baba alijipangusa macho, akaeleza bila kuficha. Likibaki hivi, ndege itageuka kushoto na kujichoma chini kabla ya kufika katikati ya uwanja. Dawa ni mvuke, ambao ungelegeza wanga ili bawa lipindwe upande wa pili na kushikwa hivyo hadi likauke. Lakini mvuke ungelegeza pia uji wa muhogo, na ukizidi kidogo karatasi zingebanduka zote. Ubao wa kuchorea ungetusaidia kulikandamiza, ila ubao wa baba ulikuwa umekwisha kuwa mlango wa banda la kuku. Lilihitaji mikono, na yeye alikuwa na mikono ya jembe.

Mama alibandika sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu, akaacha yachemke. Nilipitisha bawa juu ya mvuke, baba akihesabu kwa sauti, akaniambia toa, rudisha, toa. Nilihisi karatasi ikilainika chini ya vidole. "Sasa pinda," akasema, nikapinda kinyume, zaidi ya ilivyostahili, kama alivyoniagiza, na nikabaki nimeshika. Wanga haukauki haraka. Nilikaa kwenye kigoda uani, juani, mikono imenyooka mbele, bawa la zambarau kati ya viganja. Baada ya muda mabega yalianza kuwaka. Nikamwambia baba mikono inauma. "Najua," akasema. "Usiachilie." Hakuondoka pale, alichuchumaa mbele yangu akafukuza nzi. Bukari ilipoiva mama alikuja na sahani, akamega matonge, akanichovyea kwenye matembele na kunilisha mdomoni, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye mdogo wake anayekula mwenyewe. Watoto wa jirani walijipanga ukutani kutazama. Walicheka sana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilichekwa bila kuona aibu, kwa sababu nilijua ninachokishikilia ni nini.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika miguuni mwangu baba aliposema niachilie. Bawa lilinyooka, karibu. Ilibaki pindo dogo ambalo ungeliona tu ukifumba jicho moja. Baba alifumba jicho moja, akalitazama, akasema linatosha; sikujua kama anasema kweli au ananihurumia. Kijana wa verni alipopita jioni, mama alimnunulia vichupa vitatu visivyo na rangi, tukazimua kwa dawa yake ya kufutia kucha, na nikapaka ndege nzima kwa manyoya ya kuku ili unyevu usiilegeze tena karatasi. Harufu ilitufukuza wote ndani ya nyumba.

Jumapili baada ya misa watu walijaa kando ya uwanja. Sikuwa nimewahi kuona wanaume wa mtaa wetu wakiwa wengi hivyo mahali pamoja tangu kazi isimame. Walikuja na kola zao zilizosimama, mikono mifukoni, nyuso za watu wanaojua mwisho wa hadithi. Kichuguu cha kwetu ni kikubwa, kirefu kuliko nyumba, na baba alikipanda kwa uangalifu, ndege ikiwa mkononi, ameishika kwenye mwili wa mti mahali ambapo hapana karatasi. Puani alikuwa ameizungushia waya wa shaba mpaka ikasawazika juu ya vidole viwili. Mimi nilisimama chini kabisa ya kichuguu. Baba alingoja upepo utulie, akainua mkono, akaisukuma, si kuirusha, akaisukuma tu mbele kama mtu anayemruhusu mtoto aende.

Ilishuka. Watu wakaguna. Halafu ikajishika, ikanyooka, ikapita juu ya vichwa vyao na jua likapenya ndani ya karatasi, na kila mtu aliona mbavu zote ndani ya ile zambarau. Ilikwenda hadi katikati ya uwanja, na pale bawa la kushoto likakumbuka dhambi zangu: ndege ikaanza kupinda. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua haikuwa imeanguka. Ilikuwa ikipinda kwa upole, duara kubwa, juu ya majani yaliyoungua wiki ile kando ya uwanja, na ile ardhi nyeusi ilikuwa ikitoa joto lake na kuisukuma juu. Duara la pili lilikuwa juu kuliko la kwanza. La tatu lilikuwa juu kuliko kichuguu. Hapakuwa na kelele yoyote. Ilipita juu ya goli la mbali, ikarudi, ikapita tena, ikiendelea kupanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, hadi ikawa ndogo kama nzige, na upepo wa juu ukaichukua kuelekea upande wa migodi. Ikaingia kwenye moshi wa vichaka. Hatukuiona tena. Watoto walikimbia kuifuata hadi jua likazama, wakarudi mikono mitupu. Tata Banza alikuwa amevua kofia yake, sijui tangu lini. Alimngoja baba ashuke, akampa mkono, akasema, "Tata Numbi, goli ilikuwa karibu sana. Ungetafuta kintu ya mbali." Na watu wakacheka tena, kicheko kingine kabisa. Jioni ile baba aliongea mezani hadi mama akamwambia ale kwanza.

Siku hizi mimi nafundisha hesabu mjini Kolwezi, na anga la Kolwezi lina shughuli nyingi. Videge visivyo na rubani vinavuma juu ya mashimo, vikipima kwa dakika kumi kile ambacho baba na wenzake walichora kwa miezi miwili. Chini yake vijana kutoka kila pembe ya nchi wanapita na pikipiki na magunia, na hakuna anayeinua uso. Sisemi zamani ilikuwa bora; mwaka ule tulikula mihogo hadi tukaichukia. Ila nimefanya kazi na wahandisi, nimewasikiliza wakieleza mashine zao, na bado sijakutana na mtu niliyemstahi kama nilivyomstahi yule mchoraji aliyekaa na mikono nyuma akimwachia mtoto kazi ya heshima yake yote.

Baba ni mzee sasa, bado yuko Kapata. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa uani, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: kwa nini siku ile hakukimbia kuifuata ndege yake, wala hakuihuzunikia.

"Ndeke mi sikuiangalia," akasema. "Nilipoitupa, nilianza kuangalia batu. Tangu kazi isimame, bote balikuwa banaangalia chini. Siku ile mi niliona batu ba Kapata bote banainua kichwa. Njo nilibakia kuangalia ile."

Sikuamini, nikamwuliza mara ya pili. Akaapa. Watu wote wa uwanja ule waliiona ikiruka isipokuwa yeye aliyeijenga. Kisha akageuza kiti chake kunielekea, akaniuliza, kwa haya kidogo, kama mtu anayeomba kitu ambacho alipaswa kuwa nacho siku nyingi, kwamba iliruka namna gani.